Kumtoa mrushaji aliyeshika kiwiko: jibu langu kwa mwalimu wa michezo

Mwalimu, nimeusoma uzi wako wote pamoja na majibu ya waliokubeza. Nimeona nijibu kwa kirefu kidogo. Kwa watakaoingia hapa bila kusoma juu: mleta uzi anafundisha besiboli kwenye shule ya sekondari Dar. Kijana wake wa miaka 15, mrushaji (yule anayemtupia mpigaji mpira) wanayemtegemea, alianza kushika kiwiko katikati ya mchezo. Mwalimu akamtoa, timu ikafungwa, na baada ya hapo akavuliwa ukocha mkuu na kuambiwa awasaidie walimu wawili vijana ambao mchezo wenyewe hawaujui. Anauliza kama alikosea, awafundishe nini hao wawili, na yeye mwenyewe ajipange vipi.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Texas karibu na Dallas, na kwa miaka kadhaa sasa nafundisha warushaji kwenye ligi ya mtaani kwetu, watoto wa miaka 11 hadi 16. Wengine tunaongea nao Kiswahili, maana ni watoto wa Kikongo waliozaliwa kambini Nyarugusu kabla wazazi hawajaletwa huku. Besiboli nimeijua ukubwani, kupitia kozi za makocha na kukaa benchi na wazee wanaojua. Kwa hiyo usidhani unaongea na mtu aliyezaliwa na glavu mkononi.

Hukukosea. Na nakupa namba ili ukibanwa tena ofisini uwe na cha kuweka mezani.

Mwaka 2014 MLB, yaani ligi kuu ya Marekani, pamoja na USA Baseball walitoa mwongozo wa kulinda mikono ya watoto, unaitwa Pitch Smart. Kwa kijana wa miaka 15 au 16, kikomo ni mipira 95 kwa siku. Akirusha 31 hadi 45, anapumzika siku 1. Akirusha 46 hadi 60, siku 2. Kuanzia 61 hadi 75, siku 3. Akifika 76 na kuendelea, siku 4 asipande tena kurusha. Wa miaka 11 na 12 kikomo chao ni 85, na kwa wote walio chini ya miaka 15 hesabu ya mapumziko inabana zaidi: wakifika 66 tu wanakaa siku 4. Lakini hizo ni namba za mkono mzima. Mtoto akishika kiwiko kwenye mpira wa 22, mchezo wake umeishia hapo, hata kama kitabu kinamruhusu 95.

Halafu kuna hii ambayo huwa naisoma kila nikikutana na makocha wapya. Taasisi ya ASMI ya Birmingham, Alabama, inayochunguza majeraha ya wanamichezo, ilitoa utafiti mwaka 2006 uliolinganisha vijana warushaji waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na wenzao wazima. Waliozoea kurusha huku mkono umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuishia kwenye upasuaji. Waliokuwa wakirusha zaidi ya miezi 8 kwa mwaka, mara 5. Angalia tofauti ya hizo namba mbili. Uchovu ndio adui namba moja, na aliyepo uwanjani kuuona ni kocha. Mwalimu mkuu yuko jukwaani na wageni.

Najua besiboli ya kwetu Tanzania imekuzwa sana na Wajapani, hata michuano yenyewe mnaiita Koshien kama ya kwao. Kwa hiyo huenda kuna mtu atakuambia kwamba Japani mrushaji havuliwi mpira. Kweli, mwaka 1998 kijana wa sekondari aitwaye Daisuke Matsuzaka alirusha mipira 250 katika mchezo mmoja wa Koshien uliokwenda iningi 17 (iningi moja ni zamu moja ya kila timu kupiga), na nchi nzima ikampigia makofi. Alikuja kuwa nyota mkubwa, akacheza Boston kwenye ligi kuu ya Marekani, na mwaka 2011 akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Siwezi kusema ule mchezo mmoja ndio uliomvunja. Ninachosema ni kwamba Wajapani wenyewe wameshabadilika: tangu 2020 mrushaji wa sekondari haruhusiwi kupita mipira 500 kwa wiki. Binafsi naona 500 bado ni nyingi mno, ila mwambie mkuu wako kwamba hata huko walikotuletea mchezo siku hizi wanahesabu.

Sasa kijana. Kwa umri wake mfupa haujakomaa. Upande wa ndani wa kiwiko kuna sehemu ambapo mfupa bado unakua, ni laini, na kila akirusha inavutwa. Kwa watoto sehemu hiyo mara nyingi huumia kabla ya ule ukano unaoshika mifupa ya kiwiko. Ukiwahi, dawa yake mara nyingi ni kupumzika wiki kadhaa bila kurusha kitu chochote, hata jiwe la kumfukuza mbwa. Ukichelewa, unaingia kwenye upasuaji na skrubu za mfupa. Asichuliwe na mtu, asipewe vidonge vya maumivu ili acheze Jumamosi. Mpelekeni akapigwe picha. Kwa Dar mna MOI pale Muhimbili, huko mifupa ndiyo kazi yao.

Akiruhusiwa kurudi, usimrudishe pale alipoachia. Huu ndio moyo wa jibu langu, kwa yeye na kwa wewe. Kurudi kuna ratiba yake. Ratiba inayotumika sana inaanza mita 14 hivi, anarusha taratibu mara 25, anapumzika, anapasha mkono moto tena, anarusha nyingine 25. Kesho yake hagusi mpira. Umbali uleule anaufanya mara mbili bila maumivu ndipo unaongeza: mita 18, kisha 27, kisha 36. Maumivu yakirudi mnashuka hatua moja. Mpaka hapo hajapanda kwenye kilima cha kurushia, na hakuna mpigaji mbele yake. Akipanda, anaanza na mipira ya moja kwa moja tu. Mipira ya kupinda inakuja mwisho kabisa.

Watu wengi huchoka hapo katikati. Kijana anajisikia mzima wiki ya tatu, baba anapiga simu, wenzake wanamwita mwoga. Mimi huwa nawasimulia habari za Tommy John. Alikuwa mrushaji wa Dodgers, timu ya Los Angeles, anayerusha kwa mkono wa kushoto. Julai 1974 ukano wa kiwiko ukakatika, na wakati huo maana yake ilikuwa umestaafu. Tarehe 25 Septemba mwaka huohuo daktari Frank Jobe alichukua ukano kutoka mkono wake wa kulia akaupandikiza kwenye kiwiko cha kushoto. Hakuna mrushaji aliyewahi kufanyiwa hivyo, na daktari alimpa nafasi moja katika mia. Msimu wote wa 1975 hakucheza mechi hata moja. Alirudi 1976, na kabla ya kuacha mwaka 1989, akiwa na miaka 46, alikuwa ameshinda michezo 164 baada ya upasuaji, zaidi ya ile 124 aliyoshinda kabla yake. Vijana hupenda hiyo 164. Mimi nawarudisha kwenye 1975.

Na katika wiki hizo mpe kazi. Kijana wangu mmoja alipokaa nje nilimfanya mhesabu mipira na mwandishi wa daftari, akasimama nyuma ya wavu akiangalia miguu ya wapigaji. Aliporudi alikuwa anajua nani huzungusha gongo mapema na nani huogopa mpira wa ndani, ule unaopita karibu na mwili wake. Mkono wake haukuwa na kasi ya zamani kwa muda, ila alikuwa mgumu kupigwa.

Kuhusu hao walimu wawili: usianze na jinsi ya kushika mpira. Siku ya kwanza wape kuhesabu. Huku tunatumia kidude cha kubonyeza. Huko zile tasbihi za kidijitali za kuvaa kidoleni zinazouzwa Kariakoo zinatosha kabisa. Mmoja ahesabu, mwingine aandike kila iningi. Mechi chache wasifanye kingine. Mtu akihesabu kwa umakini anaanza kuona vitu bila kuambiwa: mipira inaanza kupanda juu, kiwiko kinashuka chini ya bega, mrushaji anachukua muda mrefu kati ya mpira na mpira, anatikisa mkono akidhani haonekani. Ukisubiri akuambie amechoka hatakuambia. Hakuna mtoto wa miaka 15 atakayeomba kutolewa mbele ya shule nzima.

Baada ya hapo wafundishe miguu. Ukimwangalia mvuvi wa kwetu akitupa kimia utaona nguvu inatoka unyayoni, inapita kiunoni, na mkono unaachia tu. Mrushaji ni hivyohivyo. Mguu wa mbele utue ukielekea kwa mdakaji, yule anayepokea mipira ya mrushaji, nyonga zizunguke kwanza, kifua kifuate, mkono uwe wa mwisho. Anayerusha kwa mkono peke yake ataonekana ana kasi kwa msimu mmoja. Wape zoezi la kurusha taulo: anashika ncha ya taulo dogo, anafanya mwendo mzima bila mpira, taulo linagonga glavu ya mwenzake iliyo mbele. Halihitaji uwanja na halimchoshi sana. Na sharti moja wasilivunje kamwe: mdakaji na mrushaji asiwe mtoto mmoja siku moja. Mdakaji naye anarusha mchezo mzima, tatizo hakuna anayemhesabia.

Kisha wafundishe kwenda kilimani kuongea na mrushaji. Hili ni gumu kuliko yote. Kocha kijana huenda na maneno mengi, kiwiko hivi, mguu vile, na mtoto anarudi kurusha akiwa na mambo matano kichwani. Mimi nataka waende na jambo moja lisilohusu kilichoharibika. "Anayekuja ni mpigaji wa saba. Mrushie chini." Basi, geuka. Kwenye ligi kuu, kocha akimwendea mrushaji yuleyule mara ya pili katika iningi moja lazima amtoe. Naipenda sheria hiyo, inamfanya mtu apime maneno.

Nije kwako. Wengi humu wamekwambia ujikaze, uache shule, uende kwa ofisa elimu. Mimi sina ugomvi nao, lakini naona wanakurudisha kilimani kabla hujarusha mita 14.

Kuna mwaka mama alifariki Muheza katikati ya msimu. Makaratasi yangu ya uhamiaji yalikuwa bado yanashughulikiwa, ningetoka nisingerudi. Nilifuatilia mazishi kwa simu nikiwa kwenye gari, nje ya ghala nilikokuwa nafanya zamu ya usiku. Muda si mrefu ghala lenyewe likapunguza watu na mimi nikawemo. Nikawa sitoki ndani. Aliyenirudisha uwanjani ni mzee mmoja wa Kimeksiko tuliyekuwa tunafundisha naye. Hakunipa pole ndefu. Alinipa ndoo ya mipira na kidude cha kuhesabia, akasema kazi yangu ni hiyo tu mpaka atakaposema vingine, na akawaambia wazazi wasiniulize maswali ya timu. Nikahesabu. Baadaye akanipa wadakaji. Nilipotaka kuchukua warushaji alikataa, na aliponikubalia ilikuwa msimu mwingine. Wakati ule nilimwona mkali. Kazi nayo niliipata kwa mtindo huo, siku mbili kwa wiki, kisha nne. Msiba haukupungua kwa sababu ya ndoo, lakini siku zilipata mahali pa kuanzia.

Wewe umeshikishwa ndoo kwa kuonewa, hilo nakubali. Hata hivyo ndoo unayo, na walimu wawili wanaokuangalia. Anza na hiyo.

Na inawezekana usirudi kuwa kocha mkuu hapo shuleni. Nisikudanganye. Rick Ankiel alikuwa na miaka 21, mrushaji wa timu ya St. Louis ya ligi kuu aliyesifiwa kuliko wenzake wote wa rika lake, pale tarehe 3 Oktoba 2000, mchezo wa kwanza wa mtoano, mpira ulipokataa kwenda anakotaka. Katika iningi moja mipira 5 ilimpita mdakaji. Mkono ulikuwa mzima, hakuna daktari aliyeweza kuushona. Alihangaika miaka kadhaa, akaumia pia kiwiko, mwishowe mwaka 2005 akaacha kurusha. Agosti 2007 alirudi St. Louis kama mdakaji wa uwanja wa nje, siyo mrushaji tena, na usiku wa kwanza akapiga mpira ukatoka nje kwa mikimbio mitatu. Kurusha kama zamani hakukurudi.

Kwa hiyo weka vitu viwili tofauti kichwani: cheo, ambacho wanaweza wasikupe tena, na kazi ya kulinda mikono ya hao watoto, ambayo kwa kidude na daftari utaifanya ukiwa benchi. Daftari likikaa msimu mzima, na tarehe na hesabu za kila mrushaji, itakuwa vigumu kwa yeyote kukuvua hoja hata kama alikuvua cheo.

Mkishapiga picha ya kiwiko, andika hapa kama maumivu ya kijana yapo upande wa ndani au wa nje, yalianza lini, na kama yanamwamsha usiku. Andika pia daktari amesema apumzike mpaka lini. Nikiona hayo nitakuwekea ratiba ya kurudi wiki kwa wiki, na uwape hao walimu wawili waisimamie wenyewe.