Kisagio changu kinanipunja kahawa

SWALI: Shikamoo mama. Mwaka jana nilinunua mashine ndogo ya espreso pamoja na kisagio cha umeme chenye kitufe cha muda. Muuzaji alikipanga sekunde 12, akasema kila nikibonyeza nitapata gramu 18. Kikombe cha kwanza asubuhi ni kizuri. Cha pili, cha mume wangu, kinakimbia kama maji ya bomba. Jumapili wageni wakija, kahawa inadondoka tone moja moja hadi naona aibu. Kila siku nazungusha gurudumu la usagaji, leo laini, kesho chenga. Juzi nimeazima mizani kwa jirani anayeoka keki, nikapima mara nne: 18.4, 16.9, 17.3, 18.8. Je, kisagio ni kibovu? Nikirudishe dukani?
Msomaji wa Mbezi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikirudishe. Na hilo gurudumu usiliguse kwanza, maana tatizo lako halikuanzia hapo.

Tazama vipimo vyako mwenyewe. Kati ya 16.9 na 18.8 kuna gramu 1.9, zaidi ya sehemu ya kumi ya dozi nzima, yaani unga wa kikombe kimoja. Muuza sukari akikupunja kiasi hicho utamrudia na mfuko mkononi. Kwenye espreso maji yanasukumwa kwa nguvu yapite kwenye tabaka la unga ulioshindiliwa. Unga ukipungua, tabaka linakuwa jembamba, maji yanapenya upesi na kikombe kinakuwa chepesi, chenye uchachu. Ukizidi, maji yanakwama na yanatoka na uchungu mtupu. Hapo hujabadilisha kahawa wala usagaji, umebadilisha uzito tu.

Kitufe chako kinahesabu sekunde. Gramu 18 kwa sekunde 12 ni gramu moja na nusu kwa kila sekunde, na hiyo ni kwa kahawa aliyotumia muuzaji, kwa usagaji aliouweka, bakuli la juu likiwa na punje za kutosha. Wewe asubuhi unakuta punje zimebaki kidogo chini ya bakuli. Zikikosa uzito wa kuzikandamiza, zinarukaruka kama bisi juu ya meno, yaani vyuma vya kusagia, meno yanakamata chache, na sekunde 12 zinakwisha kabla gramu 18 hazijatimia. Ndicho kikombe cha mume wako. Jumapili unajaza bakuli hadi juu kwa ajili ya wageni, punje zinashuka kwa wingi, unapata 18.8, kahawa inakwama.

Sasa sikiliza hili, ndilo linalowatesa wengi wanaoniandikia. Kahawa ilipokukimbilia, ulikaza meno ili unga uwe laini na maji yapite polepole. Lakini meno yakikaribiana, unga unaotoka kwa kila sekunde unapungua. Kwa hiyo sekunde zilezile 12 zikakupa kahawa pungufu zaidi, na ule upungufu ukala faida yote ya ulaini uliouongeza. Ukakaza tena. Kesho yake ukajaza bakuli, dozi ikapanda, na ule unga laini kupita kiasi ukaziba kabisa. Ukalegeza. Umezunguka hivyo mwaka mzima, mwanangu, na pesa ya kahawa inakwenda na maji. Ukibadilisha usagaji kwenye kisagio cha muda, lazima upime upya uzito na upange upya sekunde.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kuonjea kahawa hapa Moshi, na nidhamu ya mle ndani ndiyo nataka uibebe nyumbani kwako. Tunapoonja sampuli ya mkulima tunaandaa vikombe vitano. Kiwango kinachotumika sana ni gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji. Hatusagi fungu moja kubwa tukagawa. Tunapima punje za kila kikombe peke yake, zikiwa bado nzima, kisha tunasaga kikombe kimoja kimoja, ili punje moja iliyooza iharibu kikombe kimoja na ionekane, isijifiche ndani ya vitano. Na kabla ya sampuli kuanza, tunapitisha kwanza kiasi kidogo cha kahawa ileile kwenye mashine, kinatupwa, ndipo tunasaga ya kuonja. Nilipokuwa mgeni niliona ni uharibifu. Mkubwa wangu wa kazi akaniambia nifungue mashine nitazame kooni. Nikakuta unga wa sampuli iliyotangulia umejikusanya kwenye kila kona. Kahawa ya mkulima wa Rombo ilikuwa inakwenda kuhukumiwa ikiwa imechanganyika na ya mkulima wa Mbinga. Sijasahau.

Kisagio chako nacho kina koo. Unga unabaki kati ya meno na mdomo wa kutokea, na kila unaposaga, unga mpya unausukuma nje wa zamani na kuchukua nafasi yake. Hata kile kikombe cha asubuhi unachokisifu, sehemu yake ni kahawa ya jana iliyolala wazi usiku kucha. Na mizani peke yake haiwezi kukuonyesha hilo: unaweza kuweka gramu 18, zikatoka 18, kumbe mbili kati yake ni za jana. Ukitaka kujua kisagio chako kinameza kiasi gani, kichomoe kwenye umeme, kifungue, kisugue kwa brashi kavu hadi kiwe safi, kisha tia gramu 18 kamili na upime kinachotoka. Zikitoka 16.5, basi moja na nusu zimebaki tumboni. Meno ya chuma usiyaoshe kwa maji, yatashika kutu. Na ule mtindo wa kusaga mchele mkavu ili kusafisha, achana nao: mchele ni mgumu kuliko kahawa iliyokaangwa na unaitesa mota.

Nikiwa jikoni kwako ningefanya hivi. Kahawa ningeiweka kwenye kopo linalofunga vizuri, bakuli la juu lingebaki tupu. Kila kikombe ningepima gramu 18 za punje, ningezimimina, ningewasha kisagio bila kutegemea muda hadi sauti ibadilike na meno yabaki yakizunguka matupu. Ningekigonga kwa kiganja ubavuni mara mbili tatu, halafu ningepima unga uliotoka. Ukiwa kati ya 17.8 na 18.2 ningeshindilia na kuendelea, ukipungua zaidi ya hapo ningegonga tena. Visagio vingine huuzwa na mvukuto mdogo wa mpira juu, wa kupulizia unga uliobaki. Ukiupata wa kisagio chako, nunua. Asubuhi ningesaga kwanza gramu mbili au tatu za kusukuma za jana. Hizo mimi sizitupi, naziweka kwenye kikopo, jioni nachemsha kwenye sufuria na tangawizi. Na siku ukihamisha gurudumu la usagaji, fanya hivyohivyo kabla ya kutoa hukumu, kwa sababu kikombe cha kwanza baada ya kuhamisha ni mchanganyiko wa usagaji wa zamani na mpya.

Mizani ya jirani ni nzuri kwa vile inasoma sehemu ya kumi ya gramu. Ukinunua ya kwako, isiwe ile ya jikoni inayosoma gramu nzima tu, kwa kuwa ikiandika 18 huenda ni 17.5, huenda ni 18.4. Uliza mizani ndogo ya mfukoni, kama zile za masonara.

Jambo la mwisho ni umeme. Visagio vingi vidogo vina mota ambayo hupunguza kasi umeme unaposhuka. Jioni mtaa mzima ukiwasha viyoyozi, sekunde 12 za kisagio zinasaga pungufu kuliko sekunde 12 za alfajiri. Ukisaga kwa uzito, umeme ukishuka utasubiri kidogo zaidi, lakini gramu zako ni zilezile.

Dozi ikishatulia kwa siku tatu, ndipo urudi kwenye gurudumu. Gramu 18 za unga, gramu 36 za kahawa kikombeni, sekunde 25 hadi 30. Ikikimbia, kaza kidogo sana. Sasa kila utakapogusa gurudumu utajua ni lenyewe lililosababisha mabadiliko.

SWALI: Assalaam alaykum bibi. Naishi Maskati. Mara moja tu nilisaga kahawa ya Kiomani pamoja na iliki kwenye kisagio changu cha espreso. Ni wiki mbili sasa, espreso bado inanukia iliki. Nimesaga kahawa tupu zaidi ya robo kilo. Nifanyeje?
Msomaji wa Maskati

JIBU: Wa alaykum salaam mwanangu. Msomaji wa Mbezi asome barua yako, ndiyo ushahidi wa yale niliyomwambia. Iliki ina mafuta yenye harufu kali, na unga wake umejificha kule ambako kahawa mpya haifiki. Kusaga zaidi hakutasaidia. Kifungue, toa meno yote mawili, sugua kwa brashi na kitambaa kikavu, na usisahau mfereji wa kutokea na kile kimfuniko cha plastiki, maana plastiki hushika harufu kuliko chuma. Sehemu za plastiki zinazotoka zioshe kwa sabuni na uzianike hadi zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha. Kuanzia sasa iliki itwangwe kwenye kinu chake, iingie kwenye dele, lile birika la kahawa, wakati wa kuchemsha.

SWALI: Mama, shikamoo. Nimeona watu wananyunyizia maji punje za kahawa kabla ya kusaga, eti unga usirukeruke. Si yataharibu mashine?
Msomaji wa Nyali, Mombasa

JIBU: Marahaba. Matone machache hayaharibu. Punje zinaposuguana na kuvunjika zinajenga umeme tuli, unga unang'ang'ania mdomoni mwa kisagio na mwingine unamwagika mezani, na hapo dozi inapungua tena. Mwishoni mwa mwaka 2023 Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, pamoja na wenzake, wakiwemo wataalamu wa volkano, walichapisha utafiti unaoonyesha kuwa unyevu kidogo ndani ya punje au juu yake unapunguza umeme huo, na unga hausongamani mabonge.

Chovya mpini wa kijiko kwenye maji, ukung'ute, kisha ukoroge nao punje za kikombe kimoja ulizokwisha kupima. Zing'ae kidogo, zisilowe. Saga papo hapo. Usinyunyizie kamwe punje za kukaa ndani ya bakuli. Ila hewa ya Nyali ina unyevu mwingi, kwa hiyo pima kwanza siku mbili bila maji. Kama gramu 18 zinatoka 17.9, hayo maji huyahitaji.