London–Tokyo: kilomita 9,600 zinakuwaje masaa 14?

Mkuu, umeuliza mbona ramani inakuonyesha London mpaka Tokyo kama kilomita 9,600, ukigawanya kwa 900 unapata masaa 10 na dakika 40 hivi, lakini tiketi imeandikwa masaa 14. Hesabu yako haina shida. Shida ni kwamba hizo 9,600 ni za njia fupi kuliko zote, na sasa hivi ndege za Uingereza na Japani haziipiti.

Nimeenda huko mara mbili. Mara ya kwanza 2019, tukakata Scandinavia tukaingia Urusi, Siberia yote iko chini yetu, karibu masaa 12 tukawa tumetua. Februari 2022 vita ya Ukraine ilipoanza Uingereza ikazifungia ndege za Urusi, Urusi nayo ikafunga anga lake kwa ndege za Uingereza, na mashirika ya Japani yakaacha kupita huko. Nilivyoenda tena Januari 2023 tukashuka kusini, Uturuki, Georgia, Bahari ya Kaspi, Kazakhstan, China, ndo Japani, masaa 14 kasoro kidogo, na hapo upepo ulikuwa unatusukuma kwa nyuma, kwenye skrini spidi inapita 1,000 kwa saa.

Kurudi sasa ndo nilishangaa. Nilijua tunageuza njia ileile, kumbe rubani anatangaza tunaelekea Alaska! Sababu ni upepo huohuo, kule juu kilomita kama 10 kuna mkondo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, ukirudi na Kazakhstan unapigana nao njia nzima, kwa hiyo wanaona bora wazunguke Pasifiki ya kaskazini, Alaska, Kanada ya juu kabisa, Greenland, Iceland, halafu ndo wanateremka London. Masaa 14 na nusu. Yaani kwenda nilielekea mashariki na kurudi nikaelekea mashariki vilevile, safari moja nimeizunguka dunia! Tulitoka asubuhi, jua likazama mapema mno, giza masaa kibao, likachomoza tena kabla hatujafika, mimi niko dirishani usingizi hauji kabisa. (Na Alaska si njia ngeni, enzi za vita baridi anga la Sovieti lilipokuwa limefungwa ndege nyingi za Ulaya kwenda Tokyo zilikuwa zinatua Anchorage kujaza mafuta.)

Halafu usichukue saa ya kufika ukatoa saa ya kuondoka, kila moja imeandikwa kwa saa za mji wake, na Tokyo iko mbele masaa 9 wakati wa baridi, 8 wakati wa joto. Januari ukitoka London saa 3 na nusu asubuhi unafika kesho yake saa 2 na nusu asubuhi, utadhani masaa 23. Kurudi unatoka saa 3 asubuhi unafika saa 8 na nusu mchana siku ileile, utadhani masaa matano na nusu tu.

Na hiyo 900 ni spidi ya ndege ikishatulia juu, wakati masaa ya tiketi yanaanza inaposukumwa kutoka getini mpaka inapoegeshwa, foleni ya kuruka peke yake inaweza kula nusu saa.

Unasafiri mwezi gani? Maana kipindi cha baridi huo upepo unakuwa mkali zaidi, mnaweza kufika kabla ya muda ulioandikwa.