Kiwambo cha sauti hakitakufundisha kulenga

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Wete anayeishi Texas, ambaye baba yake nilisoma naye skuli. Ameanza mashindano ya bunduki ya masafa marefu, ya aina inayoitwa PRS, na swali lake lilikuwa fupi: “Shikamoo Ami. Ninunue kiwambo cha sauti au breki ya mtutu? Bunduki inanipiga teke mpaka siioni risasi yangu inapoangukia.” Kiwambo ni bomba linalofungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza kishindo, na breki ni kifaa chenye matundu kinachofungwa hapo hapo kupunguza teke. Nilimjibu kwa kirefu usiku ule ule, kisha nikaona kuwa majibu yale yanaweza kuwafaa na wengine wetu walioko ughaibuni wenye tamaa ya mchezo huu, maana hapa kwetu silaha ya mtu binafsi ni jambo la kibali cha polisi, si la kuingia dukani na kutoka nayo.

Kabla ya yote nilimuuliza hali yake ya ukaazi. Sheria ya Marekani humkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki silaha, isipokuwa kwa misamaha michache, na mwenye ukaazi wa kudumu hayumo katika katazo hilo. Alhamdulillah, yeye ana ukaazi wa kudumu. Kiwambo nacho kina sheria yake. Tangu 1934 kimewekwa pamoja na silaha zinazosajiliwa na serikali kuu, kwa kodi ya dola 200, na ingawa kodi hiyo imeshushwa hadi sifuri kuanzia Januari 1, 2026, usajili na idhini vimebaki pale pale, na yako majimbo yanayokikataza kabisa. Norway kiwambo hununuliwa bila shida, lakini Uingereza, nilikojifunzia mimi, kwa miaka mingi kiwambo cha bunduki kama zetu kiliandikwa katika cheti cha silaha kama kinavyoandikwa kitu chenye kufyatua risasi. Kwa hiyo usikichukulie kuwa ni bomba tu, na usithubutu kukitia begini ukija likizo.

Baada ya sheria ya nchi ipo kanuni ya mchezo, na hapa ndipo vijana wengi hupoteza fedha zao. PRS inaruhusu kiwambo na inaruhusu breki, ilimradi risasi isizidi kipenyo cha inchi .30 wala mwendo wa futi 3,200 kwa sekunde. Ukienda kwenye mashindano ya ISSF, yale ya Olimpiki na ya mita 300, breki ya mtutu hairuhusiwi. F-Class, mashindano ya masafa marefu ya kulala kifudifudi na bunduki imeegemezwa, nayo haitaki breki, na katika daraja lake la F-TR unabanwa zaidi: risasi ni aina ya .223 au .308 tu, na bunduki pamoja na darubini na miguu yake miwili ya mbele isizidi kilo 8.25. Wenzao wa F-Open wanapewa kilo 10 na uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua risasi. Mtu aliyejifunza kila kitu nyuma ya breki, siku akialikwa kwenye F-TR, anakuwa kama hajawahi kushika bunduki.

Mimi nililelewa na F-TR, na naomba nisimulie, kwa kuwa jambo lenyewe bado linaniuma. Nilikuwa nikifanya kazi kusini mwa Uingereza, na Jumapili nilikuwa nikienda Bisley, uwanja ambao chama chao cha bunduki kilihamia mwaka 1890 kutoka Wimbledon, na ambao sehemu yake ya Stickledown inafika yadi 1,200. Mwili wangu ni mdogo, kama wengi wetu. Ulipofika wakati wa kuchagua timu ya kusafiri, nahodha mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, alitazama mabega yangu mbele ya watu na kusema kuwa .308 itanichosha kabla ya saa sita mchana. Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka nao kwa adabu, lakini usiku sikulala. Walikwenda bila ya mimi.

Nilichofanya baada ya hapo sikifichi, kwa sababu ninajivunia. Kila usiku nilitandika mkeka sebuleni, nikalala kifudifudi nyuma ya bunduki tupu iliyokaguliwa mara mbili, nikafyatua bila risasi huku nikiutazama msalaba wa darubini. Mama yangu alinishonea kifuko cha maradufu na kukijaza mtama, nikakipokea kwa mtu aliyetoka likizo, na ndicho nilichokuwa nikikiweka chini ya kitako cha bunduki. Wazungu walikuwa na vifuko vya bei mbaya, changu kilinukia ghala la Pemba. Msimu uliofuata, kwenye yadi 1,000, jina langu lilikuwa juu ya jina la yule nahodha katika karatasi ya matokeo. Alinipa mkono. Hakuniomba radhi, na wala sikumdai.

Sasa nirudi kwenye teke lenyewe. Bunduki hurudi nyuma kwa sababu mbili: kichwa cha risasi kinakwenda mbele, na gesi ya baruti inakifuata kwa kasi kubwa kuliko yake. Kichwa cha .308 kinachotumika sana kina gramu 11.3, na kile cha milimita 6 kinachopendwa katika PRS kina gramu 6.8 hivi. Kwa hesabu yangu, bunduki ya kilo 10 ya milimita 6 hurudi na nishati inayokaribia robo tu ya ile ya .308 yenye kilo 4.5. Ndiyo maana nilimwambia kijana kuwa, kabla ya kukimbilia kitu cha kufunga mdomoni, aipime bunduki yake kwa mizani.

Breki huitupa gesi pembeni na nyuma, kwa hiyo hupunguza teke sana, lakini humwagia jirani vumbi na kishindo mpaka asitake kulala karibu nawe. Kiwambo huishika gesi ndani na kuiachia polepole. Hupunguza teke pia, ingawa kwa kawaida si kwa kiasi cha breki nzuri, na hushusha kishindo kwa desibeli 20 hadi 35. Wanaodhani kuwa bunduki itanong'ona kama kwenye sinema wajue kuwa risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 hivi kwa sekunde, hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe, na mlio huo haumo katika uwezo wa kiwambo. Vaeni vizuia kelele masikioni. Kiwambo pia huongeza uzito mbele, huhamisha mahali risasi inapopiga, kwa hiyo darubini irekebishwe nacho kikiwa kimefungwa, na kikishapata moto hutoa mazigazi mbele ya darubini mpaka shabaha inacheza. Kagua hesi kabla ya kila zamu, maana kiwambo kilicholegea risasi huweza kukipasua kwa ndani.

Lakini swali la kijana lilikuwa kuona risasi inapoangukia, na hilo halinunuliwi. Katika F-Class shabaha huonyesha alama baada ya kila risasi. Katika PRS una sekunde 90 au 120, hakuna wa kukwambia risasi iliyokosa imeangukia wapi, na risasi inachukua kama sekunde moja na nusu kufika yadi 1,000, kwa hiyo ukipoteza taswira ya darubini umepoteza habari yote ya upepo. Mahamali wa bandari ya Wete hawalipokei gunia la karafuu kwa mkono mmoja ulionyooka. Hulipokea kwa mwili mzima uliokwisha kusimama sawa, na bunduki nayo hutaka kupokewa hivyo hivyo. Lala sawasawa nyuma yake, nyonga zikitazama shabaha, si kwa mshazari kama tunavyoona katika picha za zamani za askari. Kitako kikae ndani, karibu na mtulinga, kisikae nje kwenye kiungo cha bega. Sukuma kidogo miguu ya mbele, kwa kiasi kile kile kila mara. Shavu lisibane leo na kuelea kesho. Ukishafyatua, ishikilie triga nyuma mpaka msalaba utulie, ndipo uiachie.

Utajuaje kuwa umefanya vizuri? Tazama msalaba unarudi wapi. Ukirudi kwenye shabaha wenyewe, mwili uko sawa. Ukirukia kando kila mara upande mmoja, mwili umekaa mshazari, na breki itakufichia kosa hilo bila ya kuliondoa. Hili vijana wetu hawapendi kuambiwa. Wanapenda kifaa, wanapenda picha ya kifaa, wanapenda kubishana juu ya kifaa usiku kucha, na mkeka wa sebuleni wanaukimbia kwa sababu haupigiwi picha. Mwanangu, fedha ya kiwambo inanunua risasi nyingi za mazoezi, na kanuni ya mashindano inasomwa bure kabla ya kulipa ada.

Basi nimemwagiza hivi: asome kanuni za shindano analolitaka, apime bunduki, afanye mazoezi bila risasi, kisha apige yadi 300 bila ya kitu chochote mdomoni mpaka aione risasi ikiangukia kwa macho yake. Akimaliza hayo na bado msalaba unamkimbia, aniandikie tena anitajie urefu wa kitako na umbali wa darubini na jicho lake, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa huwa hapo, na vyote viwili hurekebishwa kwa bisibisi.