Re: Kaka ameacha chang'aa ghafla, nimfungie nyumbani?

Dadangu wa Kisumu, umeuliza kama umfungie kaka ndani mpaka pombe imtoke, ndipo aanze ushauri nasaha kuhusu ile ajali. Usimfungie. Aliyekunywa kila siku kwa miaka akikata ghafla, mikono huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege mara nyingi huja kabla ya saa 48. Kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuweweseka, aone wadudu ukutani, joto limpande. Majirani watasema karogwa, lakini ni ubongo uliozoea kutulizwa na pombe, na sasa breki imeondolewa. Hali hiyo huua. Mpeleke Russia, yaani Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapo Kisumu, leo, si Jumatatu, apewe dawa ya kutuliza inayopunguzwa pole pole, pamoja na vitamini B1. Wauguzi waambieni ukweli alikuwa anakunywa kiasi gani. Kuficha huharibu dozi.

Ajali ingoje. Kumlazimisha aisimulie wiki ya kwanza humrudisha haraka kwa mama pima, muuza chang'aa. Mshauri anayejua kazi huanza na usingizi na kutulia: nyayo sakafuni, ataje vitu 5 anavyoviona, avute pumzi akihesabu 4, aitoe akihesabu 6. Simulizi hufuata baadaye, vipande vipande.

Akiteleza siku moja, muulizeni kilichotangulia ni nini: ndoto, mshahara, au matanga? Matusi yaacheni, aibu anayo tayari ya kutosha. NACADA, shirika la serikali ya Kenya la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupokea simu bure, 1192.