Hita ya sauna ya kilowati 6: je, waya wa 2.5 unatosha?

Swali: Habari za kazi, injinia. Tumejenga sauna ya mbao uani kwetu Njombe, kama mita 35 kutoka kwenye DB (boksi la breka). Hita ni ya kilowati 6 na umeme wetu ni fezi moja. Fundi anataka kuvuta waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba) na kuweka breka ya ampea 32. Anasema hiyo 2.5 ameiona kwenye kitabu cha hita yenyewe. Mume wangu hataki. Nani yuko sahihi?

Jibu: Nzuri, dada. Mumeo yuko sahihi, ingawa fundi naye hakudanganya. Amesoma mstari usio wenu.

Hita za saizi hiyo aghalabu huwa na koili tatu za kilowati 2. Koili moja kwenye volti 230 inavuta ampea 8.7. Mwenye fezi tatu anaipa kila koili fezi yake, kila waya unabeba ampea 8.7 basi, na hapo 2.5 inatosha kabisa. Ninyi mna fezi moja, kwa hiyo koili zote zinanyonya kwenye waya mmoja: ampea 26. Hita nyingi zinakubali mifumo yote miwili kwa kuhamisha vipande vya shaba pale nyaya zinapofungwa, lakini angalia kwanza mchoro wa hita yako. Kama inakubali fezi tatu tu, msilazimishe.

Sasa hiyo breka. Kazi yake ni kulinda waya. Waya wa 2.5 ndani ya paipu unabeba ampea 24 hivi mambo yakiwa mazuri. Ukiupitisha ampea 26 saa nzima, breka ya 32 inatazama tu huku ganda la waya likiiva. Kwenye birika la chai usingeliona tatizo, maana maji yanachemka dakika chache na waya unapoa. Sauna haina huruma hiyo.

Halafu umbali. Waya wa shaba wa 2.5 hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Zidisha kwa 26, kisha kwa 35: volti 16, yaani asilimia 7, wakati kikomo tunachofuata ni asilimia 5. Wa 4 unapoteza volti 10. Kwenye karatasi unapita, ila kwa kubanana. Wa 6 unapoteza volti 6.6. Mimi ningevuta wa 6 na breka ya 32, bila kusita.

Hizo volti si mchezo wa mahesabu. Nguvu ya hita hushuka haraka kuliko volti: ikipokea volti 200 badala ya 230, kilowati 6 zako zinabaki 4.5. Watu hukaa humo wakisubiri jasho, kisha wanalaumu hita. (Kinyume na mota ya pampu, hita ikipata volti kidogo inavuta ampea chache, kwa hiyo haiungui.)

Uani tumia kebo ya ardhini yenye vazi la nyaya za chuma, mtaro wa sentimita 60, na mkanda wa tahadhari juu yake, maana jembe halijui kebo. Ndani ya sauna waya wa kawaida ni mwiko: ganda lake linavumilia nyuzi 70, na hewa ya karibu na dari inaweza kuzidi 100. Kebo iingie kwa chini, na kipande cha kwenda kwenye hita kiwe cha mpira wa silikoni.

Taa iwe chini ya RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampea 30. Kwa hita yenyewe, fuata kitabu. Koili zilizokaa muda mrefu hunyonya unyevu na kuvujisha umeme kidogo mpaka zikauke, hivyo RCD inaweza kukata kila mara bila hitilafu yoyote. Waya wa athi hauna mjadala.

Mtaro usifukiwe kabla fundi hajapima kebo kwa mega (kipimo cha uzima wa ganda la waya) mbele yenu. Na kama bafuni kuna shawa ya umeme, msiiwashe pamoja na sauna. Vyote viwili vinakaribia ampea 50 kabla jiko halijaguswa.

Kuhusu LUKU: saa moja na nusu ni hadi uniti 9. Sauna mara nane kwa mwezi ni 72. Kama mko D1 (kundi la wateja wa matumizi madogo), ambako kipimo ni uniti 75 kwa mwezi, sauna peke yake imeshazila karibu zote.