Kuwapeleka wazee kula nyama ya Kibrazili: inalipa, ila waandae

Mkuu, umeuliza kama inafaa kuwatoa wazazi Mwanza hadi Nairobi, kusherehekea ndoa yao, wakale nyama ya Kibrazili ile ya kulipa mara moja na kula mpaka useme basi. Wa kwangu niliwapeleka, kwa basi la kupitia Musoma na Sirari. Inafaa. Ila kama mzee wako ni Msukuma aliyekulia kwenye ng'ombe, mwandae kabla hajakaa mezani.

Mfumo wao unaitwa rodízio. Huagizi kitu. Wahudumu wanapita na minofu kwenye vyuma virefu, wanakukatia hapo hapo. Mezani una kakadi: kijani maana yake leteni, nyekundu nipumzisheni kwanza. Mama aliona haya kumkatalia mtu aliyesimama na chakula mkononi, sahani ikafurika wakati nusu ya vyuma haijapita. Mwambie mapema kwamba hapo kukataa si utovu wa adabu.

Mwanzo nao una mtego. Soseji, kuku na mioyo ya kuku huwa vinatangulia, na pembeni kuna wali, maharage meusi na vile vijimkate vya jibini na unga wa muhogo, vitamu mno. Ukivivamia, picanha itakukuta umeshashiba. Na picanha ndiyo iliyokutoa Mwanza: nyama ya juu ya tako la ng'ombe, imekunjwa kwenye chuma, mafuta yake yakiwa nje, kiungo ni chumvi ya mawe basi.

Sasa suala la damu. Baba alikitazama kipande chake cha kwanza, akakisogeza ukingoni mwa sahani, akauliza kama mkaa umewaishia. Nyama ile inaiva kuanzia nje. Wakishakata tabaka la juu, chuma kinarudi motoni ili tabaka linalofuata nalo liive. Kwa hiyo mwombe mhudumu akuletee chuma kinapotoka motoni, akukatie pembeni, kabla wengine hawajafika ndani. Tulipofanya hivyo alipata kipande kilichokauka vizuri juu, mafuta bado yanachemka, na malalamiko yakaisha.

Kilichomchangamsha zaidi ni nundu, wao wanaiita cupim. Ng'ombe wengi wa Brazil ni zebu wenye asili ya India, wana nundu kama hawa wetu. Ina mafuta mengi katikati ya nyuzi, hivyo huiva taratibu kwa muda mrefu. Mzee alirudia, akarudia tena, akaanza kumhoji mhudumu umri wa ng'ombe. (Kijana wa watu alikuwa hajui.)

Vinywaji mara nyingi havimo kwenye ile bei, uliza kabla ya kuagiza. Nanasi la kuchoma lenye mdalasini lisikupite, linasaidia sana baada ya mafuta yote hayo.

Mfuko ukigoma, fanyia nyumbani. Buchani wahi kabla panga halijashuka, maana wakishachanganya na mifupa hakuna tena picanha. Omba kipande kizima cha tako na mafuta yake, kikate minofu minene, paka chumvi ya mawe, anza na upande wa mafuta kwenye mkaa usio na ndimi za moto. Kachumbari ya kwetu inakubali kabisa.