Ofisa uvuvi si kibaka: vitenzi vya kunyakua katika Kiingereza

Kijana mmoja ninayemfundisha Kiingereza hapa Mwanza alipewa zoezi la kuandika ripoti ya doria ziwani. Maofisa uvuvi wamefika mwaloni, yaani ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, wamekuta makokoro (nyavu za kukokota zilizopigwa marufuku) na sangara wa chini ya sentimita 50, ambao sheria hairuhusu kuwavua, wakachukua vyote. Akaandika *the officers snatched the nets*. Sarufi safi kabisa. Ila Mwingereza akiisoma sentensi hiyo anawaona maofisa wamepora nyavu za watu na kutimua mbio.

Ninachowashauri wanafunzi ni wasianzie kwenye kamusi, maana itawarundikia vitenzi kibao vyote vikiwa "nyakua". Mtazame kwanza mnyakuaji: ana haki gani na hicho anachochukua, na akishakichukua anakwenda nacho wapi?

Ofisa uvuvi anastahili *seize*. Kitenzi hiki kilitoka Kifaransa cha zamani, kikihusu sheria ya kumiliki ardhi, na mpaka leo kinanukia mamlaka: polisi, forodha, mahakama. Jeshi likiteka mji ni hichohicho, kwa sababu ya nguvu. Ukikiona gazetini, mara nyingi kuna fomu inajazwa mahali. Angalia tu kwamba injini iliyokwama kwa kukosa oili nayo husemwa *has seized*, na *seizure* kwa daktari ni degedege au kifafa.

*Snatch* mwachie kibaka anayepita Makoroboi na simu yako. Ni haraka, ni mkono, na mwenye mali anabaki kaduwaa. Mwewe anayebeba samaki wa mtu Kirumba naye anaingia humo. Kitumie kama kitenzi tu. Kikiwa nomino, mojawapo ya maana zake ni chafu na siiandiki hapa.

*Grab* kimepoa. Unapata siti kwenye daladala la Buzuruga, unakunywa chai chapuchapu kabla ya kazi: *grab a seat*, *grab some tea*, na hakuna aliyeibiwa. Lakini kikikutana na ardhi, *land grabbing*, mambo yanabadilika, waulize Wakenya.

*Swoop* na *pounce* zina mtego wa aina nyingine. Mwewe hashuki kwa *swoop the fish*, wala paka hafanyi *pounce the rat*. Zote mbili zinasimulia mwendo, wa kushuka kutoka juu au wa kuruka kwa kuvizia, kwa hiyo zinadai *on* kabla ya kinachonyakuliwa. Hapa ndipo nimeweka wino mwekundu mwingi kuliko pengine popote.

*Nab* ni ya vichwa vya habari, ambako nafasi ni finyu: polisi wamenasa mtu. Kwenye barua ya kazi iache.

*Clutch* unaifahamu tayari, ndiyo hiyo klachi ya gari. Ni kushika na kung'ang'ania, mara nyingi kwa hofu, kama abiria wa mtumbwi kuelekea Ukerewe anapokumbatia ubao wimbi likipiga.

Zoezi ninalolipenda ni kwenda mwaloni asubuhi na daftari. Kila mkono unapochukua kitu ghafla, andika kwanza ni nani na kwa ruhusa ya nani, halafu ndiyo utafute kitenzi. Ukikwama kati ya viwili, andika *took*. Hakuna mwajiri atakayekukata maksi kwa hilo.